Rais Mbaya Kuliko Wote, Siku ya Mahari Yangu

Ndoa yangu ilikaribia kuvunjika kabla hata ng'ombe mmoja hajatajwa. Waliotaka kuivunja ni marais wa nchi yetu, watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga uwanja wa nyumba yetu kule Bagira.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua. Familia ya mchumba wangu ilikuwa imeshafika kuzungumza mambo ya mahari, isipokuwa msemaji wao. Yeye alikwama Nyawera, chini mjini, barabara imejaa matope na wenye pikipiki wanakataa kupanda mlima. Kwetu mazungumzo hayo hayaanzi bila msemaji, kwa hiyo wageni walikaa salon, chumba cha wageni, wakapewa kasiksi, pombe ya ndizi, wanywe wakingoja. Mimi na mama tulibaki jikoni, pazia tu likitutenganisha nao. Binti anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Nilikuwa nimekaa juu ya kibao, nguo mpya ya kikwembe kiunoni, nimetega masikio.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amekwisha kustaafu. Aliyekaa mbele yake alikuwa baba mkubwa wa mchumba wangu, mkulima wa kahawa kutoka Kalehe, ndiye aliyemlea mchumba wangu baada ya wazazi wake kufa. Wazee hawa wawili walikuwa hawajawahi kuonana. Walianza vizuri. Waliulizana habari za mvua, za kahawa, za parokia. Kisha wakasikiliza redio iliyokuwa juu ya kabati. Wasikilizaji walikuwa wanapiga simu kujibu swali moja: kati ya wote waliotuongoza, nani alikuwa mbaya zaidi?

Mzee wa Kalehe akacheka. "Swali gani hiyo? Jibu iko wazi."

"Iko wazi kabisa," baba akasema, naye akicheka.

Mama akanitazama, akatabasamu. Wamepatana, macho yake yaliniambia. Kisha wazee wakataja jina kwa pamoja, na majina yakawa mawili.

Baba alimtaja yule wa ujana wake, aliyetawala mpaka watu wakasahau kwamba rais anaweza kuwa mtu mwingine. Mzee wa Kalehe alimtaja mmoja wa wale waliokuja nyuma yake, wakati wa vita.

"Hapana, papa," mzee wa Kalehe akasema, akimwita baba kwa heshima, bado kwa upole. "Ule wa kwako alikula mali ya inchi, nakubali. Lakini tulikuwa tunalala. Unafunga mulango, unalala, asubuhi unaamuka na watu wa nyumba yako wote beko palepale."

"Mulilala sababu mulinyamaza."

"Na kama tulinyamaza? Mutu wa kunyamaza anabakia muzima."

"Si kila mutu," baba akasema.

Nilimjua baba kwa sauti yake. Hiyo haikuwa sauti ya mabishano. Aliendelea taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Unaona hii sikio ya kuume? Haisikie kitu. Nilikuwa mwanafunzi. Walitupeleka uwanjani kumuchezea mukubwa ngoma, kuimba jina yake. Mwenzangu akaninongoneza neno, nikacheka. Kucheka tu, papa. Walinichukua. Walinipiga kichwani mupaka damu ikatoka mu sikio. Niliporudi, mama yangu akaambia majirani ni homa."

Jikoni, mwiko wa mama ulisimama ndani ya sombe, majani ya muhogo aliyokuwa anapika. Tangu utoto wetu sisi watoto tuliambiwa kwamba homa ndiyo iliyochukua sikio la baba. Nilidhani mama anajua zaidi yetu. "Homa," akasema polepole, si kwangu wala kwa mtu yeyote, akakaa chini kwenye simenti na kanga yake nzuri.

Kisha mzee wa Kalehe akasema, na sasa upole ulikuwa umekwisha, "Pole, papa. Lakini weye sikio moja ilibakia. Mimi bibi yangu na batoto wetu wawili walibakia mu pori, wakati wa kukimbia. Hata kaburi haina. Na unaniambia juu ya sikio?"

"Sikusema vile."

"Umesema wa kwako njo mubaya kupita wa kwangu. Hiyo ni kusema nini sasa?"

Nikasikia kiti kikisukumwa, nikachungulia pembeni ya pazia. Mzee alikuwa amevaa kofia yake na anatoka nje kwenye mvua. Mchumba wangu alitazama upande wa jikoni, akanitafuta bila kuniona, kisha akamfuata. Shangazi zake nao wakatoka, viatu mkononi. Njiani walikutana na msemaji wao anapanda, ameloa mpaka magotini. Wakageuka naye, wakashuka wote.

Chakula tulikigawa kwa majirani: bugali, sombe, samaki wadogo wa sambaza wa kukaanga. Mimi sikula. Nilimwendea baba, nikasimama upande wake wa kushoto, nikamwambia kwa hasira, "Papa, usingeweza kukubali tu?"

"Kukubali nini?"

"Kwamba wa kwake alikuwa mubaya zaidi."

"Ningeweza," akasema. "Adabu ilitaka hivyo. Lakini mara ya kwanza ninasema ile maneno kwa mudomo wangu, mara ile ile niseme haikuwa kitu?"

Siku zilizofuata mchumba wangu alinipigia simu mara kwa mara. Baba yake mkubwa hasemi, aliniambia, anaamkia shambani na kurudi jua likizama, na ukimtajia Bagira anakwenda kufunga mbuzi waliokwisha kufungwa. Nyumbani kwetu nako kulikuwa kimya, mpaka jioni moja mama alipobeba kiti chake akakiweka karibu na cha baba uwanjani. Walikaa hapo wakizungumza mpaka giza likaingia. Waliyosema siyajui. Asubuhi baba alivaa koti lake la misa akaniambia tunakwenda Kalehe.

Tulimkuta mzee anageuza kahawa juu ya meza ya kuanikia. Alituona, akaitikia salamu, lakini mikono yake haikusimama. Baba alisimama kidogo, kisha akapita upande wa pili wa meza na kuanza kugeuza naye. Aligeuza vibaya, kama mtu anayefuta ubao.

"Polepole, papa," mzee akasema. "Hizo bado ziko na maji."

Waligeuza. Kisha baba akasema, "Sikuja kubishana. Ile siku tulitaja majina ya wakubwa, siye na redio. Jina ya bibi yako na ya batoto wako sikusikia. Nilikuja kuuliza."

Mikono ya mzee ikasimama juu ya kahawa. Akayataja. Sitayaandika hapa, ni ya nyumba ile. Mchumba wangu, aliyekulia pale, aliniambia baadaye kwamba jina la yule mtoto mdogo hakuwahi kulisikia likitamkwa chini ya paa lile. Mzee alisema huyo mdogo alijua kuigiza kikohozi cha padri hata watu wakageuka kanisani. Alisema asubuhi ya mwisho yeye na mkewe waligombana kwa ajili ya sufuria: yeye alisema sufuria ni mzigo bure, mke akaibeba kichwani vilevile. Hapo akaokota punje mbovu, akaitupa.

Halafu akauliza, "Na ule mwenzako wa masomo, alikunongoneza nini?"

Baba alistuka. Sidhani mtu yeyote alikuwa amewahi kumuuliza. "Ile picha kubwa ya mukubwa waliyobeba," akasema, "alisema inafanana na mama mukwe wa diregta wa shule yetu."

Mzee wa Kalehe alitazama chini, mabega yakaanza kutikisika, kisha akacheka mpaka akashika meza. Baba naye akacheka, kwanza kwa woga, halafu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mimi nilisimama kati ya miti ya kahawa sijui kama nicheke au nilie.

Familia ya mchumba wangu ilirudi Bagira kabla ya msimu wa mvua kwisha, na safari hii msemaji alitangulia. Tulifunga ndoa. Wazee hawakukubaliana kamwe, na kila sikukuu walibishana tena, ila sasa walibishana wamekaa karibu.

Siku hizi marais wameongezeka, na mabishano nayo. Nikiyasikia sokoni au kwenye taksi ninajiuliza kila anayebishana alipotezewa nini, na nani. Mimi mwenyewe nina jibu langu. Mume wangu ana lake, na hayafanani. Watoto wetu wameanza kuuliza, na tumepatana kwamba tutawaambia yote mawili, kwanza lake, halafu langu, bila kukatizana.