Kuku Aliyefundishwa Cherehani

Nilifika Nkunga nikiwa na mimba changa, sanduku moja la nguo, na cherehani ya mkono niliyopewa na mama yangu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, soko huria lilipoingia. Shamba la mkonge kule Kilosa, alikokuwa akifanya kazi mume wangu, lilikuwa limepunguza watu, naye akaona heri arudi kwao Nkunga, huko Rungwe, penye ndizi na mvua kuliko tukae mjini tukitazamana. Cherehani sikuiamini kwenye buti la basi. Niliipakata njia nzima, magoti yakafa ganzi.

Kwetu, bibi harusi akifika ukweni humpigia baba mkwe magoti na kumpa mikono yote miwili. Basi nilipomwona mzee mmoja mrefu amesimama uani, amevaa koti la mvua, na mume wangu akaninong'oneza kuwa ndiye baba, nilitua mzigo wangu, nikaenda mbio nikapiga magoti kwenye tope, nikanyoosha mikono. Mzee aligeuka akazama migombani kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wake.

Mama mkwe alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaniinua na kunifuta magoti kwa khanga yake.

"Pole, mwanangu. Hapa kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasemeshani, wala njiani hawapishani. Ndiyo heshima yenyewe."

Nilipomuuliza mume wangu mbona hakuniambia, alisema alisahau. Kusahau! Mtu husahau mwavuli.

Maneno ya mama mkwe niliyasikia kwa masikio tu, moyo haukuyapokea. Mume wangu alikaa wiki mbili, akaenda Mbeya kutafuta kibarua, akaniacha katika nyumba ambayo nusu ya watu wake walikuwa wakinikimbia, maana mbali na mimi walikuwa wawili tu, na mmoja nilimjua kwa mgongo. Nikitoka na ndoo, naona upindo wa koti unapotelea nyuma ya jiko. Nikiwa uani nafua, namsikia anashuka bondeni kupitia migombani, kwenye utelezi ule, azunguke mpaka barabarani, na njia ya kupita uani ilikuwa hatua ishirini tu. Alikuwa mcheshi sana huko nje. Nilimsikia akicheka na majirani kwa Kinyakyusa, lakini nikifungua mlango tu, kimya.

Ukiwa mgeni, lugha huijui, na baridi ya Nkunga inakuingia mpaka kwenye mifupa, huwezi kuiona heshima kwenye mgongo wa mtu. Nilijiambia kwamba mila ni kisingizio. Huyu mzee hanitaki. Alitaka mwanawe aoe wa hapa hapa, anayejua kulima viazi, siye huyu wa Kilosa anayetetemeka mwezi wa sita.

Mimi nina hasira za karibu, sijawahi kuficha hilo. Tumbo lilipofika miezi saba niliamua kwamba Ijumaa nitapanda basi nikajifungulie kwa mama yangu. Mama mkwe nilimuaga vizuri, nikamwambia kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama, na hilo ni kweli. Nisilomwambia ni kwamba sikuwa na nia ya kurudi.

Nilitaka niondoke na kitu kimoja kimekamilika, blanketi la mtoto. Soko la Tukuyu siku hizo lilikuwa limefurika mitumba, makoti ya nchi za baridi yakimwagwa chini kwa marobota, na mafundi wa mtaa wa Bagamoyo, pale pale mjini, waliokuwa wakishona suti sasa walikaa barazani wakipunguza suruali za watu wasiowajua. Mimi pia ndiyo kazi niliyokuwa nikiwafanyia majirani. Nilijinunulia koti la sufu la buluu, zito hasa, nikalifumua, nikakata vipande viwili, nikatia flaneli katikati.

Jumatano hiyo mama mkwe alikwenda msibani Lupepo. Mvua ikashuka ile ya Rungwe, isiyo na haraka ya kwisha. Nikaiweka cherehani karibu na dirisha la mbele, nikazungusha gurudumu.

Kitambaa hakikwenda. Sindano inapanda, inashuka, inatoboa tundu lile lile, na kitambaa kimekaa pale pale. Nikakigeuza chini, nikakuta uzi umejisokota fundo kubwa. Nikakata, nikaanza upya. Fundo tena. Nikaongeza urefu wa mshono, wapi. Nikatoa bobini nikairudisha, wapi. Basi nikafanya ambacho mama yangu alinikataza tangu nikiwa na miaka kumi. Nikakivuta kitambaa kwa nguvu. Sindano ikapinda, ikakatika, kipande kikaruka kikanigonga shavuni.

Niliipiga cherehani kofi. Halafu nikalia. Nilililia blanketi, nikamlilia mama yangu, nikalilia kukataliwa. Na nililia kwa sauti, maana nilijua niko peke yangu.

Sikuwa peke yangu. Mzee alikuwa barazani, upande wa pili wa ukuta, anasuka tenga la mianzi. Mvua ilikuwa imemkuta hapo. Tangu asubuhi alikuwa amenaswa, maana njia pekee ya kutoka barazani ilipita mbele ya dirisha langu. Nilisikia mwanzi ukiacha kupasuliwa. Kikafuata kikohozi.

"Wee kuku," sauti ikasema. "Kuvuta siyo dawa."

Nilifuta kamasi. Kuku walikuwa wamejaa barazani wanajikinga mvua, hilo nililijua. Lakini mzee yule nilikuwa nimemsikia kila siku akiwafukuza kuku, akiwaita, akiwatukana, na kila siku kwa Kinyakyusa. Hakuna kuku wa Nkunga aliyewahi kusemeshwa Kiswahili. Kiswahili mle ndani nilikuwa nacho mimi.

"Kuku," akaendelea, polepole, kwa ile r yake inayokuwa l na z inayokuwa s, "mimi nimekaa na mitambo ya kiwanda cha chai mpaka meno yakatoka. Majani yakigoma kwenda, hatuyavuti. Tunatafuta yamekwama wapi. Sasa tia sindano mpya. Inua mguu wa chelehani, toa kitambaa chote. Halafu sungusha guludumu bila kitambaa, uangalie yale meno ya chini. Yanapanda?"

Nilitia sindano. Nikazungusha. Meno, vile vyuma vidogo vya msumeno vinavyosukuma kitambaa, yalikuwa yakienda mbele na nyuma vizuri. Lakini hayakupanda. Yalikuwa yakitembea chini ya kile kibati cha chini ya sindano, yasiweze kukigusa kitambaa kabisa.

Sasa nitamjibuje? Kumsemesha ni mwiko. Kunyamaza ni kubaki na cherehani mbovu. Nikatazama huku na huku, na bahati nzuri jogoo mmoja alikuwa amechungulia mlangoni.

"Kuku," nikasema, "meno yanatembea lakini hayapandi."

Nikadhani nimekosea tena. Kisha nikasikia pumzi ya mtu anayezuia kicheko.

"Ee. Basi chini ya kile kibati kuna kitu. Kina skulubu mbili. Fungua."

Bisibisi ndogo ilikuwa kwenye mtoto wa meza. Nilifungua, nikainua kibati, na nikaona aibu. Katikati ya meno palikuwa pameshindiliwa manyoya ya makoti yote niliyoshona tangu nifike, yamelowa mafuta, yameganda kama ugali wa jana. Kwetu kwenye joto na vumbi cherehani hutiwa mafuta kila siku, nami nikaendelea vivyo hivyo huku, kwenye baridi, juu ya sufu. Nilikuwa nikiilisha mwenyewe kilichoikaba.

Nilimweleza jogoo yote hayo bila kujitetea.

"Toa kwa kijiti cha ufagio," ikaja sauti. "Usikwangue kwa kisu. Ukimalisa, pangusa kwa unyoya wako mmoja, unayo mengi. Mafuta tone moja tu. Moja, kuku, siyo kama ya kukaangia."

Nilicheka. Sikumbuki kama nilikuwa nimecheka tangu mume wangu aondoke. Niliokota unyoya mlangoni, nikasafisha hadi chuma kikang'aa, nikarudisha kibati. Akanielekeza nijaribu kwanza kwenye pembe ya khanga, na khanga ikaenda. Kisha nikaleta ile sufu, nikaulegeza kidogo mguu unaokandamiza kitambaa kama alivyosema, maana kitambaa kinene kikibanwa sana nacho hakitembei. Nikazungusha. Blanketi likaanza kuondoka chini ya sindano lenyewe, bila kuvutwa, mshono umenyooka.

"Inakwenda," nikasema.

"Naisikia," akasema, kisha akajirekebisha. "Naisikia, kuku."

Tukakaa hivyo. Mimi nashona, yeye anapasua mwanzi. Mvua ilikuwa palepale. Na mimi, kwa kuwa sijui kuliacha jambo likapita salama, na kwa kuwa zilibaki siku mbili niondoke, nikaona sina cha kupoteza. Niliacha gurudumu.

"Kuku," nikasema, "kwa nini baba ananichukia?"

Mwanzi ukanyamaza. Nikajuta kuuliza. Hata jogoo aliondoka. Alipoanza kusema, kicheko kilikuwa kimetoka kwenye sauti yake.

"Kuku, sikilisa. Jilani yangu wa chini pale, simpendi. Tuligombania mpaka wa shamba. Asubuhi nikitoka napita mbele yake hivi hivi, simgeukii, sina habali naye. Mtu wa namna hiyo huwesi kumsungukia." Akakohoa. "Mimi magoti yangu ni mabovu. Kule bondeni kuna utelesi, nimeanguka mala mbili. Mwenye magoti kama haya hasunguki kule kwa ajili ya mtu asiyemtaka."

Miezi yote ile nilikuwa nikiihesabu migongo yake kama matusi, kumbe kila asubuhi mzee wa watu alikuwa akiteleza kwenye tope kwa ajili yangu. Nilimpenda hapo hapo. Nilimpenda kama baba yangu ambaye sikumjua, na nikaona aibu kubwa kuliko ile ya manyoya.

"Na mtoto huyo," akaongeza, taratibu kabisa, "kama atasaliwa Kilosa, sawa, ni kwa bibi yake. Lakini mwambie huyo mwenye chelehani aludi naye. Mimi sitamwona yeye. Ila mtoto naluhusiwa."

Nililia tena, safari hii bila sauti, uso umezama kwenye sufu. Kwa mama yangu sikwenda. Mama ndiye aliyekuja Nkunga, miezi miwili baadaye, akamkuta mjukuu wake kwenye mikono ya mama mkwe.

Siku ile nilimaliza pindo la tatu mvua ikawa imekatika. Barazani nilisikia mzee akikusanya mianzi yake, akisimama kwa shida, kisha akibaki amesimama. Alikuwa anasubiri. Mbele yake palikuwa na dirisha langu, wazi, na mimi nimekaa hapo. Nikaelewa kwamba angesubiri hata mpaka jioni.

"Ndaga fijo, kuku," nikasema, asante sana, maneno mawili ya Kinyakyusa niliyokuwa nimeyakamata.

Nikainuka, nikafunga dirisha, nikageukia ukuta, ili baba apite.