Kabati la Vitabu vya Wageni

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa na kisasi, tena hakuwa na haja ya kukificha. Kila akilipita lile kabati la ofisini kwa mwalimu mkuu, roho inamchafuka. Vitabu vya hadithi tupu, mia na kitu, vimepangwa kama vikombe vya wageni, kufuli juu.

"Watoto watavichafua," mkuu husema.

Ndivyo alivyosema hata miaka thelathini nyuma, alipokuwa mwalimu wa darasa, na huyu mwalimu wa leo akiwa kabinti ka miaka minane darasani kwake. Alimkuta amejibanza nyuma ya mlango na kitabu cha hadithi. Akamnyang'anya, akamsimamisha mbele mikono juu, darasa zima linamcheka. Mwaka mzima akamkataza kushika kitabu. Jambo kama hilo usahau? Thubutu!

Basi akaamua kumkomoa. Alikusanya kalenda za zamani, akazikata, akazishona kuwa vijitabu, upande mweupe nje. Watoto wakasimulia visa vyao: mbuzi aliyekula soksi, bibi anayekoroma hadi paka anahama. Yeye akaandika, wao wakachora. Kila asubuhi, kabla ya hesabu, dakika ishirini kila mtu anasoma anachotaka, akilala kifudifudi shauri yake. Jamani, walinogewa! Ikabidi awapekue wasiende navyo chooni.

Siku ya mkaguzi, mkuu alifungua kabati, akawagawia watoto wa darasa la pili kitabu kimoja kimoja. "Mkiulizwa, mnavisoma kila siku. Sawa?"

"Sawaaa!"

Mkaguzi, mama mmoja mpole, alimwinamia binti wa dawati la mbele. "Mwanangu, hiki kinahusu nini?"

Mtoto akajaribu kukifungua, wapi! Kurasa zilikuwa zimegandana kwa unyevu wa miaka.

"Hiki hakifunguki," alisema. "Nikusomee cha mbuzi?"

Hakusubiri jibu. Akachomoa kijitabu cha kalenda mkobani, akasoma kwa sauti, na wenzake wakacheka kabla hajafika penyewe, maana walikijua kwa moyo. Mkaguzi akajaribu kitabu kingine cha kabatini, kisha cha tatu, cha nne. Vyote vilevile. Mkuu akatafuta pa kuuweka uso wake, hakupaona.

"Ufunguo wa kabati," mkaguzi alimwambia, "mpe mwalimu wao. Sasa hivi."

Mwalimu aliupokea kwa mikono miwili, adabu tele, huku moyoni anacheka mbavu hana. Aibu ya yule mzee ilimburudisha kama maji baridi.

Mkuu alimfuata koridoni. "Umenikomoa, mwanangu. Nilikosea. Nisamehe, yaishe."

"Yangu nimeshalipiza, mwalimu, yameisha," alijibu. "Lakini wale niliosoma nao, watu wazima sasa, ambao mpaka leo hawajamaliza hadithi hata moja, nenda kawaombe mwenyewe. Dada yangu, naye ulimfundisha, anaishi nyuma ya soko. Barua zake zote namsomea mimi. Anza na yeye."