Pilau Iko Kiruku, Watu Wako Jombo

Nakumbuka siku moja ya kaskazi, mwanangu, nimesimama juu ya kilima na mwiko mkononi, nikitazama kilima cha pili. Na juu ya kilima kile cha pili alikuwako baba yangu mzazi, alikuwako kijana aliyekuwa akinitaka, na walikuwako mbuzi wa watu.

Ngoja nikusimulie kwa taratibu, maana nimesikia kwamba wewe na wenzako mmeunda chama cha kupanda milima, na kwamba ni wewe uliyepewa kazi ya kupanga safari ya Shimba. Sikukatazi. Nenda. Lakini keti kwanza, chai bado i moto.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mzungu angali akitawala, nami nilikuwa msichana nyumbani kwa baba, hapa hapa Msambweni. Baba yangu, Mzee Bakari, alikuwa na shamba la minazi, na alikuwa na kitambi cha mtu mwenye shamba la minazi. Maneno yake yalikuwa machache, na yakishatoka hayarudi. Kijana aliyeleta posa alikuwa Hamisi, mtunza stoo katika kiwanda cha sukari kule Ramisi. Ndiye babu yako, Mola amrehemu.

Kabla ya Ramisi, Hamisi alikuwa amefanya kazi Moshi, na huko aliwaona Wazungu wakipanda mlima kwa safu, fimbo mikononi, mmoja nyuma ya mwenziwe. Jambo lile lilimwingia moyoni. Akarudi pwani na buti nzito, filimbi ya shaba, na nia ya kuwafundisha vijana wa Msambweni kupanda vilima. Siku ya kwanza alipokuja kumwamkia baba, na shikamoo imejibiwa, baba alimwuliza, "Huko juu kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee wangu. Mtu anafika, anatazama, kisha anateremka."

"Anatazama nini?"

"Anatazama kule alikotoka."

Baba akauliza, "Na hakuweza kutazama kabla hajaondoka?"

Basi posa ikabaki ikining'inia kama nguo kwenye kamba. Baba hakuikataa wala hakuikubali. Alimwambia dada yake, shangazi Mwanasiti, nami nikisikia kwa sababu nilikuwa nimetaka kusikia: "Mtu anayepanda kilima naye hafuati mbuzi wala kuni, nitajuaje kama akili zake ni timamu?" Tena miaka ile vijana kukusanyika halikuwa jambo dogo. Huko bara kulikuwa na hali ya hatari, watu wakikamatwa, na chifu wetu alimwita Hamisi amweleze mlimani wanakwenda kufanya nini. Hamisi akamweleza. Chifu akamwachilia aende zake, kwa kuwa, alisema, hakuna serikali duniani inayoweza kuogopa jambo lisilo na maana kama lile. Baba hakucheka. Hakutaka binti yake aolewe leo na mumewe achukuliwe kesho kwa sababu ya buti na filimbi.

Hamisi naye hakuwa mtu wa kukata tamaa. Akaja akamwalika baba afuatane na chama alichowaundia vijana siku ile watakapopanda, ajionee kwa macho yake kama ni upuuzi. Na baba, mwanangu, akakubali! Shangazi Mwanasiti nusura aangushe kikombe. Alipoulizwa alisema tu, "Mkwe hatazamwi barazani. Hutazamwa njiani."

Mipango ilifanyika kwenye baraza yetu. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha nikichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Sijapata kuona safari iliyopangwa namna ile. Kila mtu alipewa cheo. Athumani, mshona makubadhi, alifanywa mlinzi wa nyuma, asiachwe mtu. Mwingine akafanywa mtazama njia, mwingine mshika kamba, ingawa kilima chenyewe hata mbuzi mjamzito hupanda asihitaji kamba. Palikuwa na bendera nyekundu. Nani aliyeishona hiyo bendera usiniulize. Na filimbi ilikuwa na lugha yake: mlio mmoja, simameni, miwili, nendeni, mitatu, kuna hatari. Milio yote ilijaribiwa mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna mwizi.

Chakula kilikuwa juu yetu sisi wanawake. Shangazi angepika pilau, mimi na jirani zetu wawili tungemsaidia, na Rashidi, rafiki ya Hamisi aliyekuwa akiendesha lori la tajiri mmoja, angetupeleka kwa njia ya Lungalunga pamoja na masufuria. Wanaume wangepitia Ramisi, wapande trekta la miwa hadi mwisho wa mashamba, kisha waende kwa miguu.

"Tukutane kileleni," alisema Hamisi, "na adhuhuri chakula kiwe tayari."

"Kileleni," akaitikia Rashidi.

"Kileleni," wakaitikia wote.

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Lakini hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajua. Mtu atokaye Ramisi akisema kilima, anasema Jombo, kwani ndicho kikubwa, huwezi kukikosa. Rashidi yeye alikuwa amezoea kupakia makaa chini ya Kiruku, kilima kidogo kilicho jirani na Jombo, na kwake yeye kilima kilikuwa kile.

Sasa ya upande wa Jombo nimeyapata kwa baba na kwa babu yako, kila mmoja kwa namna yake, na yale waliyoafikiana ndiyo ninayokupa.

Walianza vizuri. Hamisi mbele na buti zake na filimbi, bendera ikipepea, baba katikati na kanzu, makubadhi na mwavuli. Baba alikuwa akienda kama anavyokwenda msikitini, hatua kwa hatua, na akiona kivuli anakaa. Mwenda pole hajikwai. Hamisi anapiga milio miwili, nendeni; baba amekaa. Anapiga mmoja, simameni. Baba ndiyo kwanza anainuka. Vijana nyuma wakawa hawajui wamfuate nani, filimbi au mzee.

Lakini kulikuwa na waliofahamu. Pale chini ya Jombo mzee mmoja wa Kiduruma alikuwa akichunga mbuzi wake, na mbuzi wale, kumbe, walifunzwa kwa mbinja. Hamisi akipiga miwili, mbuzi wanakwenda. Akipiga mmoja, wanasimama. Walijipanga nyuma ya chama kwa adabu ambayo wanachama wenyewe hawakuwa nayo. Athumani, mlinzi wa nyuma, alipogeuka akaona pembe, akapiga kelele. Hamisi akasikia kelele akapiga milio mitatu, hatari, na mbuzi, waliokuwa hawajafunzwa mlio wa tatu, wakaingiwa na hofu wakatimua mbio kupanda juu, na mchungaji nyuma yao akilia, "Wezi! Wezi wa mbuzi!"

Hivyo ndivyo chama kilivyofika kileleni mwa Jombo: mbuzi wa kwanza, mchungaji wa pili, na baba wa mwisho, mwavuli wazi. Mchungaji alikuwa amekwisha kuokota jiwe. Hamisi akamwendea, akamwamkia, akamwomba radhi, na kwa kukosa la kumpa akavua filimbi shingoni akamkabidhi. Yule mzee akaipuliza mara moja. Mbuzi wote wakageuka wakamtazama. Akatabasamu, akashuka nao bila kuaga.

Maji yalikuwa yamekwisha njiani. Wakatayamamu kwa vumbi, baba akawasalisha adhuhuri, kisha wakakaa kungoja pilau. Wakangoja. Jua la kaskazi unalijua. Hatimaye baba akanyoosha mwavuli akaelekeza kilima cha pili.

"Hamisi, ule moshi ni wa nani?"

Hamisi alitazama. Baba aliniambia baadaye kwamba uso wa kijana ule ulikunjamana kama jamvi lililoloa.

Na sisi upande wa Kiruku tulikuwa tumekwisha kuila bizari kwa pua. Pilau imeiva, nyama imelainika, na watu wa vijiji vya karibu wameanza kupita pale kwa shughuli ambazo hawakuwa nazo. Shangazi Mwanasiti akaweka mkono kwenye paji la uso akatazama Jombo.

"Hebu tazama watu wale," akasema. "Jua lote hili wanachunga mbuzi mlimani. Hawana wazazi?"

Nikatazama. Niliona vitu vyeupe vyeupe vikiteremka, na juu yake kitu chekundu kikipepea. Nikasema, "Shangazi, ile ni bendera yao."

"Wewe umeijuaje kwa mbali hivi?"

Nikainama nikakoroga wali ambao haukuhitaji kukorogwa.

Kule Jombo harufu haikuweza kufika, lakini waliapa kwamba ilifika. Mwenye njaa hana miiko, mwanangu. Kwanza walilaumiana: mtazama njia alimlaumu mshika kamba, mshika kamba akamlaumu Rashidi ambaye hakuwako. Kisha mmoja akaanza kuteremka, wa pili akamfuata, na mara chama chote kikawa kinakimbia kuelekea moshi, cheo kwa cheo. Athumani, mlinzi wa nyuma, alikuwa wa kwanza. Walimwacha baba amekaa juu ya jiwe na mwavuli wake, na ukanda wa kubadhi lake la kulia umekatika.

Hamisi peke yake alibaki. Baba akamwambia, "Nenda, watakumalizia." Hamisi akajibu, "Nimekuja nawe, mzee wangu." Akaketi chini akavua buti.

Vijana walitufikia wakihema kama punda. Nikamwuliza Athumani, "Baba yuko wapi?"

"Yuaja," akasema, mdomo umejaa.

"Na nani?"

"Na Hamisi. Na mwavuli."

Nilimsihi shangazi azuie chakula. Lakini shangazi alikuwa mkarimu, na wageni walikuwa wengi kuliko chama, na pilau haina mlango wa kufunga. Nilificha sahani moja nyuma ya kichaka, nikaifunika kwa leso yangu. Athumani akaiona leso, akadhani kuna kitu kimeanguka, akaniletea leso. Sahani aliirudisha baadaye, tupu.

Alasiri imeingia ndipo walipotokea. Mbele baba, kanzu imepandishwa, miguuni amevaa zile buti nzito za Moshi, akikanyaga kama askari wa gwaride. Nyuma yake Hamisi, miguu mitupu imechanika kwa miiba, amemshikia mwavuli. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na shangazi akanifinya nisifanye hata moja.

Sufuria lilikuwa na ukoko tu. Shangazi akaubandua kwa aibu, akawawekea, na wawili wale wakala ukoko kutoka sahani moja huku chama kizima kimelala chali kimeshiba. Baba alipomaliza alinawa, akasema Alhamdulillahi, akamgeukia Hamisi. Wote wakaamka kusikiliza.

"Kijana," akasema, "ulipanga filimbi. Ulipanga kamba. Ulipanga hata nani atembee nyuma ya nani. Kilima hukukipanga."

"Kweli, mzee wangu."

"Ulimpa kila mtu cheo, hukumwuliza hata mmoja kama amefahamu. Na miguu yangu, ambayo ndiyo mizito kuliko yote, hukuiweka katika hesabu. Safari ya watu wengi haipimwi kwa miguu ya mwenye buti. Hupimwa kwa miguu ya aliye nyuma."

Hamisi alikuwa amejiinamia. Niliona damu kwenye vidole vyake vya miguu, na nikajua posa imekwisha kufa.

"Basi," akasema baba, "nilikuja kutazama kama u kiongozi. Bado hujawa. Lakini kuna wengi walioteremka mlima ule kabla yangu, na mmoja tu aliyeteremka pamoja nami. Wazee wako na waje Ijumaa." Vijana wakaanza kushangilia, baba akainua kidole. "Lakini mipango ya harusi, Hamisi, usiiguse hata kidogo."

Shangazi Mwanasiti ndiye aliyeipanga. Na babu yako alipofika siku ya harusi alimwuliza shangazi mara tatu mlangoni kama nyumba ni hiyo.

Ndiyo maana nimekuketisha, mwanangu. Chama chenu kina simu na ramani, na mtasema mambo ya siku hizi si kama ya zamani. Lakini watu ni wale wale. Kabla hamjaondoka, litaje jina la kilima kwa sauti, kisha umwambie kila mmoja akurudishie kwa kinywa chake. Usimwone mtu akitikisa kichwa ukadhani amefahamu. Mtikisa kichwa huenda anafukuza nzi. Maji kila mtu ajibebee ya kwake, na chakula kisitengane na walaji. Usigawe vyeo vingi, maana manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mtafute aliye mzito kuliko wote, mwenye goti bovu au pumzi fupi, umweke mbele akuongozeni kwa mwendo wake, wala usimwonee haya na usimfanye yeye aone haya. Na yakiharibika yote, kwa sababu hata ukipanga vipi kitu kitaharibika, usikimbilie moshi. Kaa na yule asiyeweza kukimbia.

Haya, inuka sasa, wenzako wasikungoje. Mola akufikisheni mnakokwenda na akurudisheni kamili, hesabu ya kwenda iwe ndiyo ya kurudi. Akupe miguu yenye nguvu na moyo wenye subira, na kila utakayetoka naye nyumbani kwake, umrudishe kwa mamake akicheka. Amin.