Uwanja wa Kisasa wa Mbulumbulu

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nikifundisha watoto wadogo Mbulumbulu. Nyuma ya darasa letu palikuwa na mteremko wenye nyasi, vichaka na kijito chembamba, na huko ndiko watoto walikocheza tangu asubuhi hadi mama zao walipotoka shambani.

Kisha akaja ofisa kutoka wilayani, amevaa suti ya kaunda iliyonyooshwa vizuri, viatu vyake akiviogopea matope. Alitazama mteremko ule akasema ni pori, na kwamba taifa linalojenga haliwezi kulea watoto porini. Hakumwuliza mtoto hata mmoja. Baada ya wiki chache lilikuja greda la barabara, likakwangua nyasi na vichaka, likausawazisha mteremko, likaziba kijito. Wakasimika bembea mbili za chuma na bati la kutelezea watoto.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alihutubia kirefu juu ya umuhimu wa michezo, huku watoto wamepangwa mistari juani, wamekatazwa kujitikisa. Hotuba ilipokwisha, wakubwa walikwenda kula pilau. Mtoto wa kwanza kupanda bati lile alishuka akilia, mapaja yameungua.

Masika yalipofika, uwanja wa kisasa ukawa dimbwi. Bembea zikakwama kwenye tope. Nilikwenda kwa jirani yangu, mama wa watoto watano, nikamweleza ninachotaka. Yeye akawaita wenzake. Tulifungua njia ya maji, tukavingirisha magogo ya mkaratusi, tukarundika udongo ukawa kilima, tukapanda nyasi. Kabla hatujamaliza, watoto walikuwa wameshajaa juu ya kilima.

Ofisa alirudi mwaka uliofuata na wageni kutoka Arusha. Wageni walipita bembea zenye kutu bila kuzitazama, wakasimama kwenye magogo, wakasifu. Yule bwana akakohoa kidogo, akajinyoosha.

“Huu ndio mpango wetu,” akasema. “Tulitaka watoto wawe karibu na mazingira yao.”

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilisubiri aone haya, nikaona anasubiri kupongezwa.

“Ndugu Ofisa,” nikamwambia, “mpango wako ni ule pale kwenye tope. Huu ni wa kina mama.”

Wageni walitazama chini. Mmoja aliuma midomo asicheke. Ofisa alinitazama kama mtu aliyeumwa na siafu mbele ya hadhara, akasema mwalimu anatania.

Mwezi haukuisha nikahamishiwa Wasso, safari ya kumeza vumbi kutwa nzima. Walisema huko kuna upungufu wa walimu. Jirani yangu alinisindikiza hadi basini, kanibebea kibuyu cha maziwa. Akaniambia ofisa ametuma watu waje kuyaondoa magogo, na kina mama wameyakalia na majembe yao, wanapiga soga.