Na Wengine

Nilikuwa karani mdogo katika ofisi ya Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, Tabora, nilipopewa kazi ambayo kila mtu aliikimbia: kupanga magazeti ya zamani ya Kiingereza yaliyorundikwa chumba cha nyuma, kabla mchwa hawajayamaliza. Ilikuwa kazi ya wiki mbili. Mimi niliivuta ikawa miezi miwili, kwa sababu badala ya kupanga nilikuwa nasoma.

Humo ndimo nilimokutana na neno "others". Ni neno dogo, maana yake "wengine", na shuleni nilikuwa nimelipita bila kulitilia maanani. Lakini katika magazeti yale lilikuwa na kazi yake maalumu. Treni imeacha reli: Mzungu mmoja ametajwa kwa jina na cheo, na goti lake lililochubuka limeelezwa kuwa ni la kulia, waliobaki wote ni "others". Kumefanywa karamu ya chai: wageni wametajwa mpaka wake zao, na waliobeba meza na kuchemsha maji ni "others". Habari moja ya kale zaidi ilisimulia msafara uliotoka pwani kuja huku kwetu Unyanyembe. Bwana mkubwa alikuwa na jina, na punda wake alikuwa na jina. Wapagazi, ambao pengine ni babu za majirani zangu, walikuwa "others".

Niliwaka. Nilinunua daftari nikawa nanakili kila mahali nilipolikuta neno lile, na wakati wa mapumziko niliwasomea makarani wenzangu kwa sauti ya puani, ya Kizungu, tukacheka kwa uchungu. Nilijiona shujaa. Nyani haoni kundule.

Siku hizohizo nilikuwa nikipeleka habari za Tabora kwenye gazeti moja la Kiswahili. Ikatokea shule mpya kufunguliwa kijijini kwetu, upande wa Ntalikwa. Baba yangu ndiye aliyekuwa fundi wa matofali: kiangazi kizima alikanyaga udongo, akafyatua, akalichochea tanuru mpaka nyusi zikaungua. Niliandika habari ile kwa Kiswahili changu cha kujivunia. Nikamtaja Bwana Shauri, mtemi, padri, walimu, hata karani mwenzangu mmoja aliyefuata pilau tu. Mwisho nikaandika: "na wengine." Hakuna aliyenishika mkono. Baba nilimwacha kwa makusudi, nikiogopa watu wasije wakasema najipigia debe kwa kumsifu mzazi wangu. Woga ule nikauita adabu.

Gazeti lilipofika, baba alichinja jogoo akawaita majirani, nami nikaketi katikati yao kusoma. Sasa, kwetu Unyamwezini watu wakimaliza kulima pamoja shamba la mwenzao, kiongozi wa nyimbo huwataja mmojammoja walioshika jembe. Asiyetajwa hakuwapo, na hakuna mjadala. Baba alikuwa ameyasikia majina ya namna hiyo maisha yake yote. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa mpaka nilipofika mwisho.

"Umeruka mstari, mwanangu?"

"Hapana, baba. Wewe umo humo kwenye 'na wengine'."

"Haya," akasema. "Waongezeeni watu mchuzi."

Majirani walipoondoka nilimwahidi kwamba nitaandika tena, nimtaje. Sikuandika. Kwanza nilingoja habari nyingine ya kuchomekea jina lake, kisha nikaona mambo yameshachacha, kisha nikajifanya nimesahau. Yeye aliniuliza mara mbili, kwa upole, kama gazeti jipya limekuja. Mara ya tatu hakuuliza, nami, Mungu anisamehe, nikashukuru.

Mwaka uliofuata tulipanda treni, baba na mimi, kwenda Kaliua kumtembelea mjomba, kaka yake mama. Gazeti lile lenye habari ya shule lilikuwa limemfika hata yeye, limepita mikono mingi mpaka limelegea kama kitambaa. Baada ya kumwamkia shikamoo na kuitikiwa marahaba, tukakaribishwa barazani, ambako alikuwa na wageni wake wanne. Mjomba alikuwa mtu wa utani, na kwake shemeji alikuwa halali yake.

"Shemeji," akaanza, "wewe ulituambia matofali ya shule ile umefyatua wewe. Mbona gazeti halikujui? Au ulikuwa umelala nyumbani, unaota moto?"

Wageni wakaangua kicheko. Halafu wakamgeukia baba, wakingoja ajitetee, kwa kuwa sasa hata wao walitaka kujua.

Mimi nilikuwa nimekaa palepale, ubavuni mwake. Yalitosha maneno mawili: nimekosa mimi. Nilifungua mdomo. Nikaona jinsi wale watu walivyokuwa wakinitazama tangu nilipoingia, kijana wa ofisini, mwandishi wa gazeti, nikaufunga.

Baba aliitazama mikono yake, kisha akamtazama shemeji yake.

"Aliyeandika ni mwanangu huyu," akasema. "Na mwanangu hasemi uongo. Mwaka ule nilikuwa mgonjwa, shemeji. Sikwenda."