Nilimsikia Akiniombea Mpakani

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Nimeishi na jambo hili tumboni miaka mingi, nikiimba kwaya nalo, nikishiriki meza ya Bwana nalo. Leo nalitoa. Mnaotaka kunisema nisemeni, nimestahili.

Mimi ni mama wa upande wa Sapiwi, huku Bariadi. Kosa langu nililifanya miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia vijijini na magari yao, na ushirika wetu ukawa unapumua kwa shida. Zamani dawa ya wadudu ilikuja kwa mkopo. Ghafla tukaambiwa kila mtu ajitegemee. Mwenye nacho akanyunyizia, asiye nacho akabaki kutazama funza wakila vitumba vyake.

Rafiki yangu aliitwa Kabula. Tuliolewa kijiji kimoja, mashamba yetu yalipakana, kwaya yetu moja. Tena tulikuwa na desturi yetu wawili. Asubuhi, kabla ya kushika jembe, tunatembea kupitia mashambani mpaka kwenye mawe makubwa, tukisali.

Kabula ndiye aliyenifundisha. Alisema ukipiga magoti ndani ya nyumba unaishia kuomba shida zako tu. Ukitembea unaona mtama wa jirani umesinyaa, unaona ng'ombe wa watu wanakwenda malishoni, basi inakubidi uwaombee wote.

Kwake ilikuwa kweli kabisa. Angeweza kusimama mbele ya ua moja la pamba akamshukuru Mungu mpaka machozi yakamtoka. Mimi nasimama pembeni yake, miguu imelowa umande, nawaza kuni. Sisikii kitu! Nafumba macho, nafumbua, namtazama usoni, najiuliza huyu anaona nini ambacho mimi sikioni.

Wivu ulianzia hapo. Watu wangedhani ni kwa sababu ya bati. Ni kweli mumewe alipata kazi ya kupima pamba kwa mnunuzi mmoja, wakaezeka bati, wakanunua na bomba la kunyunyizia. Iliniuma, siwezi kudanganya. Lakini bati ningelizoea. Kilichonila ni kuona Mungu anamsikiliza yeye, na mimi ananipita kama mtu asiyenijua. Nilimwonea mwenzangu wivu wa sala, jamani! Kuna ujinga kuliko huo?

Msimu mmoja funza waliingia shambani kwangu vibaya. Pesa ya dawa sikuwa nayo, na kwenda kuazima bomba kwa Kabula nilikataa katakata. Nikaenda kwa mganga. Mimi, kiongozi wa akina mama kanisani! Akanipa kichungu cha udongo chenye dawa za kukinga pamba, nikakifukia pembeni mwa shamba, pale pale mpakani na Kabula. Mume wangu hakujua.

Nilikosa amani. Mwishowe nikamweleza Kabula mwenyewe tukiwa njiani kwenda kwenye mawe. Hakunigombeza. Alinishika mkono akasema, "Mayu, mama yangu, siku ukiwa tayari utakifukua mwenyewe. Mimi nitaomba."

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilimchukia. Alikuwa na bati, alikuwa na sala, na sasa alikuwa na siri yangu pia! Nikasingizia mgongo unaniuma, nikaacha kutembea naye.

Asubuhi moja niliwahi shambani nikamkuta. Alikuwa peku, anatembea taratibu kwenye mpaka, anagusa majani ya pamba yangu, midomo inacheza. Nikajibanza kwenye mtama. Nikasikia jina langu. Alikuwa anamwomba Mungu aniondolee hofu, anipe mavuno, tena anirudishe kwenye matembezi yetu maana alikuwa amenikosa ubavuni pake.

Nilichotakiwa kufanya kila mtu anakijua. Lakini damu ilinichemka. Aniombee mimi, yeye kama nani? Hata pale nilipofukia aibu yangu, amekuja kujipendekeza kwa Mungu hapo hapo!

Nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Wanawake walikuwa wengi. Nikawaambia, bila kupandisha sauti, kwamba nimemkuta Kabula mpakani kwangu asubuhi hii, peku, anashika pamba yangu na kunong'ona peke yake. Basi. Sikuongeza neno. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Niliacha moja tu, kwamba nilisikia alichokuwa anasema.

Kwetu maneno kama hayo hayahitaji umwite mtu mchawi. Mwanamke anazunguka shamba la mwenzake akinong'ona, shamba hilo limeliwa, lake limepona. Wasikilizaji wanamalizia wenyewe. Kabla sijafika nyumbani na maji yangu, habari ilikuwa imeshanitangulia. Haikupita wiki, sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakaitisha mkutano.

Tulikaa mchana kweupe, kijiji kizima. Kabula akasimamishwa katikati. Kiongozi wao alimuuliza kwa upole alikuwa anafanya nini shambani kwa mwenzake. Akajibu alikuwa anasali.

"Kwa nini pale, mayu? Kwako hapasaliki?"

Jibu lilikuwa chini ya udongo. Angesema neno moja tu, chimbeni pale pembeni, wangechimba, na mtu wa kusimamishwa katikati ningekuwa mimi. Kabula alinitazama, akainamisha uso.

"Hilo ni langu na Mungu," akasema.

Watu wakaguna. Nikaulizwa kama nina la kuongeza. Nilikuwa na nafasi! Mdomo wangu huu huu ukasema kwamba niliona nilichokiona.

Akatengwa. Asiyejua kutengwa kwa kwetu ashukuru. Hakuna wa kukupa moto, wala chumvi, wala wa kukuzikia mtu wako. Anayekusalimia anatozwa ng'ombe. Wakulima wakakataa pamba yao ipimwe na mkono wa mumewe, na yule mnunuzi hakuona sababu ya kumng'ang'ania. Siku moja tulikutana njiani, Kabula akanisalimia "Mwangaluka" kama zamani. Nikageuza uso nikatazama mawe.

Baada ya mavuno waliezua bati lao, wakalipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakahamia kwa kaka zake Kabula huko Mwamanyili.

Nilifikiri sasa Mungu atanigeukia mimi. Nilikifukua kile kichungu nikakivunja, nikaanza kutembea peke yangu asubuhi. Nikifika mpakani sauti inakata. Nimejaribu zaburi, nimejaribu kuimba, nimejaribu kulia tu. Hakuna! Miaka yote hiyo mimi ni mama wa kanisa anayewaombea watu kwa mdomo mtupu.

Majuzi nilijikaza nikaenda Mwamanyili. Nilimkuta kwenye majaruba ya mpunga, nywele zimeanza mvi. Akanisalimia, akaniuliza habari za watoto, akanitafutia mahali pa kukaa. Uso wake haukuwa na kinyongo hata kidogo, nikapata nguvu. Nikapiga magoti kwenye tope nikamweleza yote, tangu kisimani mpaka mkutanoni. Nikamwambia, "Nilikuwa kwenye mtama. Nilisikia ulivyokuwa unaniombea."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Alikaa chini taratibu, mkono kifuani.

"Ulisikia?" akaniuliza.

Nikaitikia kwamba nilisikia.

"Mimi nilidhani hukusikia," akasema. "Nilijiambia uliniona tu, ukaogopa, kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angeogopa. Nimekusamehe miaka yote hii kwa sababu hukusikia."

Akaniambia niende nyumbani, yeye itabidi aanze kunisamehe upya. Hakunitukana. Heri angenitukana!

Sijui kama ataweza, na sina haki ya kumharakisha. Ninyi mnaosoma, wivu huu wa sala upo, msidhani ni wangu peke yangu. Upo kwenye kwaya zenu na kwenye jumuiya zenu. Na kusema kweli nusu ili nyingine wamalizie watu, huko ni kuua, nawaambieni mimi niliyeua. Ukimkuta mwenzako anataja jina lako mbele za Mungu, usijifiche. Toka hapo ulipo, useme amina.