Kompyuta Iliyovalishwa Kitambaa

Siku ya kwanza kazini nilifika hospitali ya Kitui na sanduku la mbao na chapati za mama, kana kwamba nahamia Ulaya. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata waliponihamishia Zombe nilinung'unika njia nzima. Siku hiyo ya kwanza, Karani Mkuu alinipima kwa macho. "Kijana, kazi yako ni kutafuta faili. Ukikosa, tafuta tena." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yote.

Nyinyi vijana mnaobonyeza kompyuta tu, sikieni. Faili zilipangwa kabatini kwa majina, na kwetu Ukambani mtoto wa kike hupewa jina la nyanya yake. Nilipohamia Makueni tulikuwa na Kalondu Musyoka nyanya na Kalondu Musyoka mjukuu, wote wagonjwa wa sukari, kliniki moja. Nyanya alimeza vidonge. Msichana aliishi kwa sindano za insulini, akizikosa, anakufa.

Miaka ya tisini kanisa moja likatuletea kompyuta kuukuu ya bei nafuu, yenye programu rahisi: kila mgonjwa na nambari yake, umri wake, dawa yake. Daktari Msimamizi akaifungia ofisini, akaivalisha kitambaa cha kufuma, cheupe, kama bibi harusi.

"Hii ni ya kuonyesha wageni," akaniambia. "Vumbi la kliniki litaiua."

"Na wagonjwa, daktari?"

"Wagonjwa wana faili."

Faili! Jumanne moja, mjukuu alipokuja, ikatoka ya nyanya. Umri haukuwa umejazwa. Nesi akasoma: vidonge. Msichana akauliza sindano yake iko wapi, akaambiwa faili haidanganyi. Wiki haikuisha akarudishwa kwa mkokoteni wa punda, hajitambui.

Wakati anatundikiwa maji na kudungwa insulini, wadi haikuwa na blanketi. Nyanya yake akaingia ofisini bila kubisha, akakivuta kile kitambaa.

"Daktari, mwanangu, mashine haisikii baridi."

Akaenda kumfunika mjukuu kwa kitambaa hicho, matundu matupu na uzi. Msichana alipofungua macho, nilienda nikaibeba ile kompyuta mpaka kliniki, mgongo ukilia. Daktari aliniona nikipita nayo. Hakusema kitu. Na bado namkasirikia, kwa sababu angeweza kunyamaza hivyo mapema!

Siku hizi nimestaafu. Hata sokoni naenda kwa kulazimishwa. Televisheni yetu ina kitambaa cha kufuma. Asubuhi nakitoa, jioni mke wangu anakirudisha.

"Baba Mwende, kitambaa kimekukosea nini?"

"Muulize Kalondu."

"Kalondu yupi?"

"Ndiyo hiyo sasa! Ndiyo hiyo nilikuwa nawaambia!"